Jambia la Jirani

Nnaandika haya kutoka kwenye madaftari matatu, na moja lao liliangukia beseni la kuoshea picha, kurasa zake zikashikana. Kwa hiyo pahala pengine ntakuwa nnakisia, na nikikisia ntasema. Skuli nilifika darasa la sita tu. Mwalimu wangu wa insha aliwahi kuniambia kwamba sentensi zangu zinakwenda kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Alikuwa na haki, lakini sina sentensi nyingine.

Aliyenilea ni mama yangu mdogo, kwa sababu mama alifariki mimi sijaota meno. Tulikaa Unguja, mjini, nyumba ya ghorofa moja yenye ngazi mbovu. Mumewe, ambaye nilimwita baba mdogo, alikuwa karani wa bandarini. Ndiye aliyenipeleka kwa mpiga picha mmoja wa Kihindi nikajifunze kazi, aliposhindwa kunipendezesha vitabu. Alimwambia yule Mhindi, "Huyu kazi ya kichwa imemkataa, tumjaribu na ya macho." Hakusema kwa ubaya, na mimi sikuumia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu kunitafutia ninachokiweza badala ya kunihesabia nisivyoviweza.

Januari ya mwaka 1964 baba mdogo alitoka asubuhi asirudi. Siku ya tatu tulimpata, tukamzika. Sitaandika zaidi ya hapo. Walioumia walikuwa wa kila namna, na niliyoyaona mimi ni ya mtaa mmoja. Wiki ile mama mdogo alizitia picha zetu zote motoni jikoni, kwa kuwa watu walisema nyumba zinapekuliwa na kila picha inaulizwa huyu nani na yule nani. Za harusi, za Idi, zote. Wako waliomlaumu baadaye. Mimi siwezi, kwa sababu aliyekuwa akipepea moto ni mimi. Ilinusurika moja iliyokuwa imeteleza nyuma ya kabati: makarani wa bandarini, watu arubaini na kitu, wamejipanga kwenye vidato. Baba mdogo yuko safu ya juu kabisa, uso wake ukubwa wa punje ya dengu.

Mama mdogo na binti yake, ambaye mimi humwita mdogo wangu, walikimbilia Mombasa. Mimi nikapata kazi ya jikoni melini. Bahari siisifu wala siilaumu. Nilikuwa chini na sufuria, sikuiona sana. Mwaka uliofuata tulitia nanga Veracruz, nchi ya Meksiko, nikashikwa na homa nikalazwa hospitali, na nilipopata nafuu meli ilikwishaondoka. Nahodha aliniachia viatu vyangu na barua ya kusema kwamba nnajua kumenya viazi.

Siku ya kwanza nilipotoka hospitali nilikaa kwenye kibaraza nikafikiri homa imerudi. Joto lilikuwa la kwetu. Minazi ilikuwa ya kwetu. Wanawake walipita na sinia za ndizi na samaki kichwani, wengine weusi kama mimi, wakisemezana kwa sauti kutoka upande huu wa njia mpaka ule kama sokoni Darajani. Nilikuwa nikisubiri kusikia Kiswahili, na kila mtu akifungua mdomo kinatoka kitu kingine. Nilikuwa na huzuni na raha kwa pamoja, na mpaka leo sijui kuzitenga.

Nikauona ubao wa duka la picha, na chini yake maneno mawili ya Kiarabu yaliyokaribia kufutika. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kilubnani aliyehamia kule kutoka Lebanoni akiwa mtoto. Kiarabu chake kilikuwa cha kijijini kwao milimani, changu cha chuoni, cha kusomea Kurani. Tulielewana nusu, na nusu nyingine tukaiacha ijipitie. Aliniuliza, "Unajua kusafisha picha?" Nikamwambia nnajua. Akanipa moja, nikaiharibu kwa woga. Akaitazama akasema, "Basi unajua kuharibu vilevile, ni elimu hiyo," akanipa nyingine. Nikakaa naye miaka mitano kasoro.

Kazi yake kubwa haikuwa pale dukani. Ilikuwa ya kuzunguka vijijini. Huko watu wengi hawakuwa na picha ila ya kitambulisho, au kijipicha kimoja kimekunjika, na aliyekuwamo pengine amekufa au amekwenda kaskazini kutafuta kazi asiandike. Sisi tukikichukua kile kijipicha, tukakipiga upya kwa kamera kubwa ya kunakili, tukakikuza, tukakata uso kwa wembe na kuubandika juu ya mwili mwingine uliovaa vizuri. Kisha tunapiga tena, ili usione mahala pa kuungia, na mwisho tunatia rangi kwa pamba. Mume na mke waliokuwa hawajapata kukaa picha moja tukawaweka bega kwa bega. Nimewaunganisha mama na mwanawe aliyefia mbali. Nimemuunganisha bibi harusi na babake aliyekufa kabla hajazaliwa.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuchukua maagizo. Kule Waarabu wote huitwa Waturuki, basi vijijini nikajulikana kama Mturuki mweusi. Nikifika naketishwa, naletewa unga wa mahindi uliotiwa nyama, ukafungwa kwa jani la mgomba na kuchemshwa, na bila ya kula hakuna mazungumzo. Kisha nnatoa bahasha, nnauliza na kuandika juu yake. Macho rangi gani? Nywele amechana upande upi? Avae koti, avae shati, avae tai? Mzee wa Kilubnani alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa bahasha ile. "Nguo usibuni," alikuwa akiniambia. "Uso ni wa marehemu, nguo ni za wenye marehemu. Waulize wao."

Mama mmoja alinipa picha ya mumewe iliyopigwa siku ya maziko, macho yamefumbwa, akataka yafumbuliwe. Nilikaa usiku mzima na penseli nikatoa macho ya samaki. Asubuhi mzee akayafuta, akaniuliza, "Hana mtoto?" Anaye. "Basi nenda kaazime macho." Nikapanda basi nikarudi, nikampiga picha binti wa marehemu, macho tu, nikayatia kwenye uso wa babake. Yule mama aliipokea. Alikwenda uani, akarudi na kuku akanipa, mzima, amefungwa miguu. Nilirudi naye mjini mapajani. Siku zile nnazikumbuka kwa upendo ambao sikuwa nao wakati nnaziishi. Wakati ule nilikuwa nikilalamika kila siku, daftari ni shahidi.

Mwaka 1970, baada ya kati ya mwaka, ikaja barua kutoka kwa mdogo wangu. Aliandika kwamba Maskati ametawala sultani mpya, watu wenye asili ya huko wanaitwa warudi, na wao wamekwishafika. Mwisho akaandika: "Njoo. Hapa kila mtu anataka picha ya pasipoti na wapigaji hawapo." Mzee wa Kilubnani alinipa kamera yake ya pili ya kunakili na fremu za kuchapia. Tulipoagana alinambia nisiwasahau, kisha akakumbuka kwamba yuko peke yake, mkewe alikwishakufa, akasema, "Usinisahau, nilikusudia kusema."

Mama mdogo na mdogo wangu walikuwa wamepanga Sidab, kijiji cha wavuvi karibu na Maskati, nyumba ya vyumba viwili karibu na maji, mwamba mweusi umesimama nyuma yake. Tulikuwa wageni wa pahala ambapo tuliambiwa ndipo kwetu. Watu walitujibu salamu kwa uzuri, kisha wakasikiliza tunavyotamka wakajua. "Zinjibari," walisema, si kwa matusi, kama mtu anavyosema huyu ni fundi, huyu ni mvuvi.

Nilitundika shuka jeupe uani ikawa ndiyo studio. Umeme hakuna, basi nilichapa kwa jua: hasi, ile filamu yenye picha iliyogeuka, na karatasi ndani ya fremu, unatoa nje, unahesabu, unaingiza. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi, yakaacha picha na madoa meupe, mpaka nikawa nnaosha mara ya mwisho kwa maji ya kunywa na mama mdogo akinung'unika. Kusafisha hasi ilinibidi nifanye alfajiri, kwani jua likishapanda joto linaziyeyusha. Picha zilianikwa kamba moja na papa wa jirani, na paka hawakukosea, walimtaka papa. Miezi ile ilikuwa ya furaha kwetu sote watatu. Mdogo wangu aliwapanga wateja, akawakaza vilemba, akawaambia wasitabasamu.

Siku moja mama mdogo alikuja na ile picha ya makarani, imefungwa ndani ya leso.

"Mimi na babako mdogo hatukupata kukaa picha moja," alisema. "Enzi zile mwanamke ende akaketi na mumewe mbele ya Mhindi, watu waseme nini."

"Huko Meksiko nimewaunganisha wengi."

"Basi na sisi tuunganishe. Na umvalishe vizuri. Asitokee kama anakwenda kazini."

Hapo ndipo nilipotakiwa kutoa bahasha na kuuliza. Sikuuliza. Niliona haya kumuuliza mama mdogo mumewe avae nini, na tena nilijiona nnajua. Tuko Maskati. Kila mtu wa heshima niliyempiga picha tangu nifike alivaa jambia, kile kisu kilichopinda, kiunoni, hata waliokuwa hawana waliazima la mwenzao kabla ya kusimama mbele ya shuka. Nikasema baba mdogo naye karudi kwao, avae kama wa kwao.

Jirani yetu, yule mwenye papa, alikuwa mtu wa mji wa Sur aliyeoa Sidab. Nilimwendea kuazima.

"La nini?" aliuliza.

"La kupigia picha."

"Wewe ndiye utakayelivaa?"

"Mwili wangu, uso wa mwingine."

Alinitazama, akaingia ndani akanitolea, akasema, "Ukimaliza lifute jasho."

Mwili ulikuwa wangu kwa sababu hakukuwa na mwili mwingine. Nilivaa kanzu, joho la kuazima, kilemba, na jambia. Mdogo wangu ndiye aliyebonyeza.

"Inua kidevu, mtukufu," alisema. "Na tumbo rudisha ndani, babangu alikuwa mwembamba."

"Bonyeza, nnaungua na jua."

"Usicheke basi. Wewe ni marehemu."

Ule uso wa punje ya dengu nilipoukuza ulivunjika ukawa chembechembe kama mchele uliomwagwa. Pua ilikuwapo, mdomo ulikuwapo, macho yalikuwa vivuli viwili. Nikampiga mdogo wangu picha ya macho, nikayaazima. Siku kumi na moja nilikaa na penseli, imeandikwa. Sikumbuki kama nilipata kuwa na imani na kazi yoyote kama ile. Siku ya kumi na mbili nilimpa mama mdogo. Alikaa chini akaitazama: mle ndani yeye amekaa na buibui lake uso wazi, na mumewe ubavuni.

"Umenenepa, mwanamme," aliiambia ile picha. Kisha akaenda kupika, na siku ile akatia chumvi mara mbili.

Sasa nieleze kilichokuwa hatarini, maana bila ya hicho hii ingekuwa hadithi ya picha tu. Mdogo wangu alisomea ualimu, na skuli mpya ya wasichana ilikuwa tayari kumchukua. Lakini ofisi ilitaka karatasi: kwamba babake asili yake ni hapa, imethibitishwa na sheikh wa kabila lake. Ruhusa yao ya kukaa ilikuwa imeongezwa kwa mara ya mwisho, miezi mitatu, na mmoja na nusu ulikwishapita. Nafasi ya skuli ingengoja mpaka mwisho wa mwezi, baadaye ingepewa mwingine. Bila ya karatasi ilikuwa ni kurudi Mombasa, kwenye chumba walichokwisha kukirudisha kwa mwenyewe. Mama mdogo alijua kwamba babu wa mumewe alitoka Ansab. Basi. Vyeti vyote vilibaki Unguja.

Jioni ya kuamkia safari ya Ansab kwa sheikh nilimsikia akimwambia bintiye, "Hii picha ntaichukua, wamuone." Nilisikia vizuri kabisa. Ningeweza kusema, mama, hii si picha ya kweli, usiwape kama ushahidi. Nilinyamaza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ninaloliogopa ndilo la kweli: nilitaka waione kazi yangu.

Tulikwenda kwa Land Rover ya kukodi pamoja na watu wengine wanaokwenda huko. Ansab wakati ule ilikuwa mashamba ya mitende na nyumba za udongo. Sheikh alitupokea kwenye chumba cha wageni, mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye kikohozi. Wanaume saba au wanane walikaa kandokando ya ukuta. Mama mdogo na mdogo wangu walipewa mkeka karibu na mlango. Tukaletewa tende na kahawa. Aliyoyasema kwa Kiarabu nnayaandika kwa Kiswahili, na nikikosea kosa ni langu.

Mama mdogo alitaja jina la mumewe, la babake na la babu. Sheikh alisema majina hayo ni ya watu wengi. Ndipo mama mdogo akatoa picha. Ilipita mkono kwa mkono, na kila iliposimama nilijiona nnarefuka. Wa tatu au wa nne alimnong'oneza jirani yake. Wakairudisha kwa sheikh, naye akaisogeza mlangoni penye mwangaza.

"Mama," alisema, "hili jambia lake mwenyewe?"

"Lake," alisema mama mdogo. Alidhani ndiyo heshima kujibu hivyo.

"Hili ni la watu wa Sur. Tazama ala, ngozi iliyotariziwa. Sisi ala zetu za fedha. Mtu wa kwetu hapigi picha na jambia la watu wengine. Huyu si wetu."

Mimi katika maisha yangu nilikuwa nikidhani jambia ni jambia. Wote sisi tuliokulia Unguja, nadhani, tungekosea vivyo hivyo. Hapo tena palikuwa pahala pa kusema. Nikaitazama kahawa yangu. Sheikh alisema bila ya ukali kwamba mwezi ule walikwishakuja watu wawili wakajifanya wa kwao, mmoja akapewa barua, ikaja kujulikana uongo. Kwa hivyo asamehewe. Alikuwa na haki na nnataka iandikwe kwamba alikuwa na haki.

 Tunarudi, karibu na Matrah, mama mdogo alisema, "Nimesema uongo kwa ajili ya kitu ambacho sikukiomba." Mdogo wangu alitazama nje. Kesho yake hakuwapanga wateja. Alianza kukunja nguo, akizitia sandukuni moja moja, na kuzitoa, na kuzitia tena.

Siku ya pili nilirudisha jambia kwa jirani, nimelifuta, nikamweleza kilichotokea. Hakucheka. "Ungeniuliza," alisema, "ningekwambia." Hiyo ilinichoma kuliko kupigwa. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama mdogo tuende tena, nikaseme.

"Ukaseme nini? Kwamba mwanangu anatengeneza watu?"

"Ndiyo."

"Watakuita mghushi. Nani ataleta tena uso wake kwako?"

"Labda hakuna."

Akafikiri. "Niletee buibui langu," alimwambia bintiye, "limeanikwa nje."

Mara ya pili chumba kilikuwa na watu wengi zaidi, kwani habari ya jambia ilikwishazunguka. Nilitandika mbele ya sheikh kila kitu: picha ya makarani, uso niliokuza, mwili uliokatwa kichwa, macho ya mdogo wangu kwenye kijikaratasi. Nikaeleza kwa Kiarabu changu cha chuoni namna nilivyofanya, na kwamba mama mdogo hakuchagua nguo.

Sheikh aliinua ule mwili usio na kichwa. "Huyu nani?"

"Mimi."

"Kwa hivyo juzi tulikuwa tunabishana juu ya kabila la tumbo lako."

Watu walicheka sana, mmoja mpaka akamwaga kahawa. Na mimi nikacheka, nikidhani yamekwisha. Sheikh alikohoa mpaka kikohozi kikatulia, kisha akachukua ile picha ya makarani kwa vidole viwili.

"Na hii ndogo? Wewe unaweza kumketisha maiti na mkewe. Ntajuaje kwamba hii nayo hukuitengeneza?"

 Nilikuwa nimekuja na ukweli wote niliokuwa nao, na kila nilivyozidi kuueleza ndivyo ulivyozidi kuwa hauna kazi. Niliangalia mlangoni. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa.

Sheikh akazirudisha picha zote kwangu. "Picha basi," alisema. Akamgeukia mama mdogo. "Mumeo alipata kukwambia nini juu ya huku?"

"Hakuwa msemaji," alijibu mama mdogo, kwa Kiarabu chake cha jikoni. "Alikuwa na kisa kimoja tu, akikasirika. Akisema babu yake aliondoka huku kwa kudhulumiwa maji."

"Maji gani?"

"Ya mfereji wenu, mnaogawana kwa zamu. Alisema siku ya zamu ya babu yake, ndugu yake alikihamisha kijiti kile cha kupimia zamu kwa kivuli, zamu ikawa fupi. Wakapigana. Babu akaondoka na kiatu kimoja."

Sheikh alikaa wima. "Nani alikihamisha kijiti?"

"Ndugu yake."

"Babu yenu ndiye aliyekihamisha. Huyo ndugu ni babu yangu, na siku hiyo alikuwa amelala."

"Amelala vipi na maji yake yanapita?"

"Amelala na homa."

"Mume wangu alisema homa ile ilianza baada ya kupigwa."

"Kapigwa kwa mpini wa jembe, mgongoni, na huyo huyo mwizi wenu. Na kiatu—" Sheikh alisita. "Kiatu kingine kilibaki juu ya paa la msikiti. Wazee walikuwa wakituambia."

 Kisha mzee mmoja aliyekaa pembeni, ambaye baadaye nilijua alipata kuuza duka Pemba, alisema kwa Kiswahili, taratibu, "Yakhe sheikh, unagombana na mkwe wako."

Sijui mpaka leo nani alikihamisha kijiti. Nimekisikia kisa hicho mara nyingi tangu siku ile, kwa upande huu na upande ule, na kila mmoja akikisimulia mimi humuamini. Lakini hakuna mtu wa nje angekijua, na hata angekijua asingekijua kwa hasira ile.

Sheikh alikohoa tena, safari hii nadhani kwa kukusudia. Akaagiza mwandishi aitwe. Wakati karatasi inaandikwa alimuuliza mama mdogo mumewe alikufa vipi. Akaelezwa kwa maneno machache. Akamwombea rehema, na chumba kizima kikaitikia, watu ambao nusu saa nyuma walikuwa hawamjui.

Karatasi ilifika ofisini kabla ya mwisho wa mwezi, na mdogo wangu akaanza kusomesha. Picha ile haikutupwa. Ilitundikwa Sidab ukutani, na mama mdogo alikuwa akimweleza kila mgeni: uso wa marehemu, macho ya binti yangu, tumbo la mwanangu, jambia la jirani. Wateja hawakunikimbia kama nilivyoogopa. Walikuja zaidi, wengine na vijipicha vyao, nikarudi kwenye bahasha na masuala yangu, na sikuacha hata moja.

Ninayoikumbuka zaidi ni njia ya kurudi siku ile. Gari ilizama mchangani karibu na Qurum, ambako wakati ule kulikuwa na pwani tupu na mikoko. Dereva na wanaume tukashuka kuchimba magurudumu. Mama mdogo alikaa juu ya mchanga na barua mapajani. Hakuweza kuusoma mwandiko ule, akampa bintiye asome. Mdogo wangu akasoma: fulani, bin fulani, bin fulani, wa kwetu. Mama mdogo akamwambia arudie, majina tu. Akarudia. Akamwambia arudie tena, na safari hii alikuwa akiyasema naye, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejifunza njia ya nyumba mpya. Dereva alituita tusukume. Nikayaacha majina yale nyuma yangu nikatia bega.